Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: sentimita 50 za waya

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KINGA YA RADI KATIKA ZAHANATI NA SHULE

Masika yakikaribia, stabilaiza hununuliwa kwa wingi. Stabilaiza hurekebisha umeme unaopanda na kushuka, radi haiiwezi. Wala si lazima radi ipige jengo. Ikipiga mnazi wa jirani, mpigo wake wa sumakuumeme huzua volti kwenye kila waya mrefu ulio karibu, na ndani ya mikrosekunde kadhaa kompyuta imeshakufa.

Kinachotakiwa ni saji aresta, kifaa kinachopeleka volti za ghafla ardhini, ya Aina ya 2 kwenye boksi la mein swichi, ya kA 20 (kiloampia, yaani ampia elfu 20), inayohimili volti 320 muda wote. Zile za 275 huungua mapema umeme ukizidi 275 kwa muda mrefu. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, ikikatika, volti hupanda na hata ya 320 haiponi. Hapo inahitajika rilei ya volti, swichi inayokata umeme yenyewe volti zikizidi. Jengo lenye fimbo ya radi paani liwekewe aresta ya Aina ya 1, inayohimili radi ikipiga jengo lenyewe.

Kazi nyingi huharibikia kwenye waya. Fundi anafunga aresta nzuri, kisha anazungusha waya wa athi (unaoenda ardhini) mita mbili ukutani ili upendeze. Mkondo wa radi ukipanda kwa kA 1 kila mikrosekunde, kila mita ya waya huongeza takriban volti 1,000 juu ya zile ambazo aresta yenyewe inaachia. Urembo huo unaua mashine. Waya kutoka fezi (waya wenye umeme) hadi aresta, na kutoka aresta hadi bari ya athi, kwa jumla visizidi sentimita 50, vinyooke.

Mchanga wetu wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri. Zigongwe ardhini fimbo za athi mbili au zaidi, ziachane angalau kwa urefu wa fimbo moja, zipimwe kiangazi, lengo likiwa chini ya omu 10 (kipimo cha ukinzani wa ardhi). Klampu ziwe za brasi. Chumvi hula chuma. Athi ya kompyuta isitengwe na ya jengo, maana tofauti ya volti itapita ndani ya mashine. Kati ya jengo na jengo, mtandao upite kwenye faiba, kebo ya nyuzi za kioo isiyopitisha umeme. Upande wa sola, aresta iwe ya DC, yaani ya umeme wa mkondo mnyoofu.

Tunaomba vipimo hivi viandikwe kwenye zabuni, na malipo yasitoke kabla ya omu kusomwa mbele ya msimamizi. Kidirisha cha aresta iliyokufa hugeuka chekundu huku taa zikiwaka kama kawaida, kwa hiyo apatikane mtu wa kukitazama baada ya kila ngurumo kubwa, na aresta ya akiba ikae stoo.

Wako,
Mafundi umeme, Tanga