Barua kutoka South Uist: ngoma yao na nyimbo za kukanda kitambaa

South Uist, Uskoti
Desemba 2025

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta salama, pamoja na Kaka, Wifi na watoto. Mimi ni mzima. Kazi ya kuhudumia wazee inakwenda vizuri, na baridi nimeshaizoea. Upepo ndio bado. Kisiwa hiki karibu hakina miti, unapiga moja kwa moja kutoka Atlantiki, na ukizidi meli haiji, basi dukani mkate unakwisha. Mwezi huu ikifika saa kumi alasiri jua limeshazama.

Baba, uliniuliza kwenye simu kama watu wa huku wana ngoma yao au wanasikiliza redio tu. Nilikujibu kwa haraka kwa sababu nilikuwa naingia zamu. Leo nimepumzika, nikujibu sawasawa. Ngoma wanayo, na nyimbo wanazo, na jinsi wanavyozipigania imenifanya niwaze nyumbani usiku na mchana. Naomba Kaka naye asomewe, maana yeye ndiye mwenye kundi la ngoma.

Nianze na ngoma. Jumamosi watu hukusanyika kwenye ukumbi wa kijiji kwa kile wanachokiita ceilidh, hutamkwa kama “keli”. Kuna akordioni, fidla na ngoma, na mtu mmoja wa kutangaza mchezo unaofuata na kuwaelekeza wasioujua. Hakuna anayekuja kutazama tu. Babu anacheza na mjukuu, fundi wa mashua anacheza na mwalimu, na mimi Msukuma wa Kisesa nilishikwa mkono nikaingizwa katikati kabla sijavua koti.

Kuna mchezo mmoja unaitwa Dashing White Sergeant. Watu watatu wanashikana mikono wakielekeana na watatu wengine. Wote sita wanafanya duara, hatua nane kushoto, nane kurudi. Kisha yule wa katikati anamzungusha mwenzake wa kulia, halafu wa kushoto, na wote watatu wanapishana kama wanasuka ukili. Mwisho wanasogea mbele wakikanyaga sakafu kwa kishindo, wanarudi nyuma wakipiga makofi, kisha kundi moja linainua mikono na jingine linapita chini yake kwenda kukutana na watatu wapya. Muziki haujaisha umeshakutana na nusu ya ukumbi uso kwa uso. Mgeni akiingia hapo, akitoka si mgeni tena. Mwingine, Strip the Willow, ni wa mistari miwili: mwanamke anateremka kwenye mstari wa wanaume, mkono wa kushoto kwa kila mwanamume, mkono wa kulia kwa mwenzake, hivyo hivyo hadi mwisho, kwa kasi ambayo ukikosea mkono unarushwa pembeni. Mama, viatu vile ulivyoninunulia Mwanza vimeisha soli kwa mchezo huo.

Wazee ninaowahudumia wanasema zamani ceilidh haikuwa ukumbini. Ilikuwa ni kutembeleana. Usiku wa baridi majirani walikwenda kwenye nyumba fulani inayojulikana, wakakaa kuzunguka moto wa udongo ule mweusi wa kinamasi, ambao hukatwa, ukakaushwa na kuchomwa badala ya kuni. Kila mtu alitoa alichonacho: huyu hadithi, huyu wimbo, huyu kipande cha fidla. Hapo ndipo watoto walipojifunza, bila kuambiwa kwamba wanafundishwa.

Sasa nyimbo. Kaka, hapa usikilize vizuri. Zamani kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mtambo wa kufumia kilikuwa kilegevu, lazima kikandwe ili kikaze na kizuie upepo. Kilirowekwa kwenye mkojo uliolazwa siku nyingi, maana ndio uliokuwa dawa yake. Wanawake walikaa kuzunguka ubao mrefu, wakakishika kitambaa kibichi, wakakipiga ubaoni na kukisogeza kwa jirani wa kushoto, kizunguke upande linakoelekea jua. Mmoja anaanzisha mstari, wengine wote wanaitikia kiitikio ambacho aghalabu hakina maana, ni sauti tu za kushika mapigo. Wimbo unaanza polepole na kuongezeka kasi. Kitambaa kikipimwa hupimwa kwa urefu wa kidole cha kati, na kama bado hakijakaza, wanaanza wimbo mwingine. Kurudia wimbo ule ule kwenye kitambaa kimoja ilikuwa mkosi, kwa hiyo mwanamke mzuri wa kuanzisha alipaswa kuwa na nyimbo nyingi kichwani. Mwishoni zilikuja nyimbo nyepesi za kupiga makofi, ambamo wasichana waliohudhuria walitajwa pamoja na vijana wanaodhaniwa ni wachumba wao.

Nilipoona wakionyesha jinsi ilivyofanywa (siku hizi ni maji ya sabuni), niliwaza bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma ya kulima, moja kwa moja. Jembe badala ya kitambaa, shamba badala ya ubao, lakini kazi ndiyo inayoushika wimbo na wimbo ndio unaoishika kazi. Niliwasimulia akina mama pale kuhusu majembe yanavyorushwa hewani na kudakwa. Walitaka nionyeshe, lakini jembe la kurusha halikuwepo.

Lakini kuna jambo limenikaa moyoni, nalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Ngoma yao imeenea. Harusi za Edinburgh na Glasgow zina ceilidh. Shule nyingi za Uskoti hufundisha michezo hii watoto katika vipindi vya mazoezi, hasa Krismasi inapokaribia. Tangu mwaka 1923 kuna chama kizima kilichoanzishwa Glasgow cha kulinda ngoma za Uskoti, na kina matawi nchi nyingi. Ngoma haikuulizi unazungumza lugha gani, ukiwa na miguu inatosha. Wimbo unakuuliza. Nyimbo hizi ni za Kigaeli, na Kigaeli kinapungua hapa hapa kwenye visiwa ambako kilikuwa lugha ya kila mtu. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba Uskoti nzima wanaosema wanakizungumza wameongezeka kutoka kama 57,600 mwaka 2011 hadi kama 69,700. Lakini katika visiwa hivi vya magharibi wameshuka kutoka asilimia 52 hadi 45. Yaani kwa mara ya kwanza wenye lugha ni wachache nyumbani kwao wenyewe.

Hakikupungua chenyewe. Mwaka 1851 mwenye ardhi ya kisiwa hiki, Kanali John Gordon wa Cluny, aliwapakia melini zaidi ya watu elfu moja kutoka hapa na kisiwa jirani cha Barra, akawapeleka Kanada ili ardhi ibaki kwa kondoo. Kisha ikaja sheria ya elimu ya 1872, iliyoweka shule kila mahali bila kukipa Kigaeli nafasi yoyote, na watoto wakawa wanaadhibiwa kwa kukisema darasani. Bibi mmoja ninayemhudumia aliniambia mama yake alipigwa kwa ajili hiyo, na baadaye aliamua kuwasemesha wanawe Kiingereza ili wasije wakapigwa. Nilikaa kimya kitandani pake. Mama, nilikumbuka ulivyotusimulia kuhusu kile kibao cha shingoni alichovishwa mtoto aliyesema Kisukuma shuleni.

Waliookoa nyimbo walikuja kwa njia mbalimbali, na si zote nazipa uzito sawa. Kuna mashindano makubwa yanayoitwa Mòd, yaliyoanza mwaka 1892 mjini Oban na hufanyika kila Oktoba. Yana jukwaa na medali ya dhahabu, lakini nilichokipenda ni kwamba mwimbaji hupewa alama za muziki na alama za Kigaeli, kila moja kivyake. Sauti nzuri peke yake haitoshi. Kuna bendi pia, kama Capercaillie, ambayo mwaka 1992 iliingiza wimbo wa kukandia kitambaa, wenye umri wa miaka kama 400, kwenye nyimbo 40 zinazouzwa zaidi Uingereza. Ni fahari kubwa, na vijana wengi walianza kusikiliza kwa sababu hiyo.

Ila anayenigusa zaidi ni Margaret Fay Shaw. Alikuwa Mmarekani, mwanamuziki, aliyekuja kuishi hapa South Uist mwaka 1929 nyumbani kwa dada wawili, Peigi na Màiri MacRae, huko North Glendale, nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba. Alikaa nao hadi 1935. Hakuja kwa wiki mbili kuchukua na kuondoka. Alikata udongo wa moto pamoja nao, akavuna nao, akajifunza lugha yao, na nyimbo akaziandika kwa masikio na kalamu, maneno na noti, na jina la aliyeimba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1955. Yeye na mumewe, John Lorne Campbell, walihamia kisiwa cha Canna na kuendelea kukusanya, na hazina yao bado iko huko. Alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 101. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh nacho kilianzisha idara ya kurekodi nyimbo na masimulizi vijijini, na leo sauti nyingi kati ya hizo zinasikilizwa bure kwenye intaneti. Mjukuu anaweza kumsikia bibi yake aliyekufa kabla hajazaliwa.

Hata hivyo, naamini kanda na vitabu peke yake visingetosha. Mwaka 1981 watu wa Barra waliona watoto wao wanakua bila kujua muziki wa kwao, wakaanzisha siku za kuwafundisha kuimba, kucheza na kupiga vyombo, kwa Kigaeli. Wengine wakaiga, na sasa mafunzo hayo, yanayoitwa fèis, yako sehemu nyingi za nchi. Hapa kisiwani kila Julai kuna shule ya kiangazi ya Ceòlas, ambako nyimbo, ngoma, fidla na lugha hufundishwa pamoja, na jioni watu huenda kwenye majumba kwa ceilidh ya namna ya zamani. Nimeona mtoto wa miaka kama tisa akiimba mbele ya wazee, akakosea neno, na mzee mmoja akamsahihisha kutoka kwenye kiti chake, mtoto akarudia mstari, wakaendelea. Hakuna aliyeona aibu. Kwangu hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote. Na Juni mwaka huu Bunge la Uskoti limepitisha sheria ya kukipa Kigaeli hadhi ya lugha rasmi. Wazee wangu walifurahi, ingawa bibi yule aliyenisimulia habari za mama yake alisema imechelewa, na simlaumu.

Sasa nyumbani. Kaka, kundi lako linacheza vizuri, video ya sikukuu ya ngoma ya Bulabo uliyonitumia nimewaonyesha watu huku na wamenisumbua niirudie. Lakini nilisikiliza pia. Vijana wanashika kiitikio tu, na mistari anaimba Baba peke yake. Nilimuuliza binti yako kwenye simu wimbo ule unasema nini, akaniambia hajui, anajua hatua tu. Ana haki asijue, hakuna aliyemwambia, na shuleni kwake Kisukuma hakiingii getini.

Naomba mambo mawili. La kwanza, Mama, ukiwa na wajukuu jioni uwaimbie na uwaeleze kila mstari kwa Kisukuma, nao wakujibu kwa Kisukuma, hata kama watakosea. La pili, Kaka, umrekodi Baba kwa simu, wimbo mmoja mmoja, bila ngoma ili maneno yasikike. Kabla hajaimba aseme alifundishwa na nani, kijiji gani, na uliimbwa kwenye kazi gani au mashindano gani ya vyama vyetu viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Bila hayo, kesho sauti itabaki bila mwenyewe. Ukiweza, uwaombe wenzako wa makundi mengine kwamba Juni kwenye Bulabo pale Bujora waamuzi watoe alama za maneno pia, kama wanavyofanya kwenye Mòd. Najua wapo watakaosema watazamaji wanataka kuona majembe yakirushwa na nyoka wakichezeshwa. Waone, ila maneno nayo yahesabiwe.

Baba, nimemwahidi bibi yule kwamba utamwimbia wimbo wa kulima kwa simu ya video. Yeye atakuimbia wa kitambaa. Jumapili saa kumi na mbili jioni saa za huko inamfaa, ameshamaliza chakula cha mchana na anakuwa na nguvu. Usiwe na wasiwasi wa lugha, mimi nitakuwa katikati.

Nimetuma fedha kidogo kwa simu ya Kaka. Humo kuna ada ya mtoto na bei ya kadi ya kumbukumbu ya kurekodia, salio ni la Mama na asilipeleke kwenye mbolea. Nisalimieni shangazi, majirani wote, na Padri.

Mwanenu anayewapenda.