Mtoto apewe tunda baada ya chakula, si chai

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kile ambacho watoto wetu wadogo hupewa mara tu wamalizapo kula.

Katika nyumba nyingi hapa nchini, mtoto wa mwaka mmoja au miwili hushushia ugali na maharage kwa kikombe cha chai ya rangi, na mzazi mwenye uwezo kidogo humnunulia juisi ya paketi, ilhali tunda limebaki kuwa kitu cha kumpelekea mgonjwa hospitalini. Wataalamu wa lishe wanatueleza kwamba madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha hayafyonzwi mwilini kwa urahisi, na kwamba chai huyazuia zaidi, wakati vitamini C, ambayo pera linayo kwa wingi kuliko hata chungwa, huyasaidia kufyonzwa. Katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 wana upungufu wa damu, kikombe hicho cha chai si jambo la kupuuzwa.

Mtoto akishatimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya, papai bivu lililopondwa kwa uma linamfaa sana, na embe lililochujwa nyuzi vilevile. Akilitema siku ya kwanza, wengi wetu huhitimisha kwamba halipendi na kurudi kwenye uji mtupu, kumbe ladha ngeni huhitaji kuonjwa mara nyingi, pengine 8 hadi 10, ndipo izoeleke. Pera litolewe mbegu. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu, kwa sababu zikiwa nzima huweza kumkaba mtoto.

Sisemi tukanunue matufaha ya Afrika Kusini. Msimu wa machungwa ya Muheza ukifika, bei yake haiizidi ile ya juisi ya paketi. (Ubuyu wa rangi unaouzwa nje ya shule siuhesabu hapa, maana umezidiwa na sukari.)

Ombi langu kwa kliniki za mama na mtoto ni kwamba, mtoto anapopimwa uzito, mama aulizwe pia mwanawe alikula tunda gani jana, na baada ya chakula alikunywa nini.

Msomaji wako,
Tanga