Malalamiko kuhusu orodha ya zawadi za bi harusi na jinsi nilivyodhalilishwa kaunta

Bombo

Kwa Meneja Mkuu,

YAH: SUFURIA ZA BI HARUSI, SHILINGI 640,000

Mheshimiwa Meneja,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo nakuomba uisome barua hii wewe mwenyewe. Usiipeleke kaunta. Kaunta ndiko nilikotoka nimeinamisha kichwa, mtu mzima wa miaka 58.

Mimi ni shangazi wa bi harusi ambaye orodha yake ya zawadi iko katika tawi lenu la katikati ya mji, Kampala. Masharti ya orodha mmeyaandika ninyi nyuma ya kadi, sina haja ya kuwasomea. Kitu kikinunuliwa kinafutwa, na mnunuzi hatajwi mpaka siku ya sherehe. Yote mawili mmeyavunja kwa mtu mmoja, siku moja.

Alhamisi nilipanda teksi asubuhi na mapema na hizo shilingi 640,000, zangu na za wadogo zangu wawili wanaosuka mikeka na vikapu. Anayejua mkeka mmoja unachukua siku ngapi ataelewa zilivyopatikana. Tulichagua seti ya sufuria saba za stenlesi kwa sababu mtoto huyo nimekaa naye tangu darasa la tatu, na kupika alijifunzia jikoni kwangu. Nilitaka aingie kwake na sufuria kutoka kwangu. Hakuna kitu kingine kwenye ile orodha nilichokitaka.

Kijana wenu nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza. Nikaendelea kwa Kiswahili, akaniuliza kama nimetoka kambini, kana kwamba Kiswahili ni lugha ya kambi tu. Kisha, badala ya kutazama namba ya orodha niliyompa, akampigia bi harusi simu, akaiweka kwenye spika mbele ya watu wote, akamuuliza kama ananijua.

Nililipa nikaondoka. Nililipa kwa sababu sherehe ya kumuaga ilikuwa Jumamosi na sikuwa na siku nyingine ya kurudi mjini. Mkononi nilipewa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu.

Jumamosi akina mama wakakaa, zawadi zikafunguliwa moja moja. Wenzake wa kazini walileta seti ya sufuria saba, kutoka kwenu, kwenye orodha hiyohiyo, waliyoinunua Jumatatu ya wiki hiyo. Ikafuata yangu. Seti ileile, rangi ileile, ila boksi limeandikwa saba na ndani zimo sita. Walihesabu mara mbili mbele yangu. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kama ile ya saba nimeiacha nyumbani kwa matumizi yangu. Nimeishi na watu vizuri miaka yote hii, Meneja, halafu nikaulizwa swali hilo mbele ya wakwe wa mtoto wangu.

Narudi kwenye ile simu, maana naona kama mtaisoma haraka mkaipita. Kulikuwa na watu kama kumi kwenye foleni. Kijana alisema kwa Kiganda, akidhani sikisikii: “Kuna mama Mswahili hapa, anasema ni shangazi yako, anataka zile sufuria saba. Unamjua kweli?” Kiganda nakisikia vizuri, nimezaliwa nchi hii na wazazi wangu wamezaliwa nchi hii. Watu waligeuka kunitazama kama wanavyomtazama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Mtoto akasema, “Ndiyo, ni shangazi yangu, tafadhali muhudumie.” Hapo kijana akaitoa simu kwenye spika, akageuka ukutani kumalizia. Alipokata akaniambia, “Haya mama, lakini kuna vijiko vya bei nafuu, kama hizi zitakushinda.” Pesa nilikuwa nimeishika mkononi, anaiona.

Alichokisikia alipogeuka ukutani nilikijua Jumamosi usiku. Bi harusi aliniambia akilia kwamba alimwomba atazame orodha kwanza, kwa kuwa rafiki yake wa kazini alikuwa ameshamdokeza kuhusu sufuria. Kijana akamjibu, “Hakuna shida.” Kwa hiyo mlijua. Mlijua zimeshanunuliwa, mkaniuzia, mkachukua pesa ya mikeka.

Jumatatu nilirudi na boksi zima. Msimamizi wa zamu alinionyesha kibao cha kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha akasema hata kama ingerudishwa, kikaratasi changu si risiti. Kikaratasi hicho nani alikiandika? Kampuni kama yenu inatakiwa kunipa risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, URA, bila mimi kuomba. Nililipa bei yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake. Naomba mnionyeshe kodi hiyo imeandikwa wapi, kwa sababu URA nao watapenda kuonyeshwa.

Na hilo la kambini. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa Katiba, tangu marekebisho ya 2005. Sisi wa Bombo tunakizungumza nyumbani, sokoni na msikitini. Hakuna mteja anayepaswa kutoa maelezo ya lugha yake ili auziwe sufuria.

Nilipoanza kuandika nilitaka mambo mawili tu: mchukue seti yenu na mnipe kitu kingine kwenye orodha chenye thamani hiyohiyo, na kijana aniombe radhi. Nimeshaandika mpaka hapa na sikitaki tena kitu chochote cha dukani kwenu. Nataka shilingi zangu 640,000 taslimu, pamoja na nauli ya safari mbili za Bombo na Kampala na boda ya kubebea boksi. Nataka barua ya kuomba radhi kwa bi harusi, yenye muhuri wa kampuni, inayosema wazi kwamba sufuria ya saba haikuwemo tangu dukani, ili niipeleke kwa yule mama aliyeniuliza, naye aisome. Na kijana pamoja na msimamizi wake waje Bombo kuniomba radhi mbele ya wadogo zangu. Simu sitaipokea. Simu zenu nimeshazijua.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na sita si saba. Mahakama ina utaratibu wa madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10, mtu anajisemea mwenyewe bila wakili, na mimi kujisemea naweza. Bi harusi na wale wenzake wa kazini wamekubali kuja kutoa ushahidi. Kikaratasi cha kalamu ninacho, nimekitoa kopi tatu: moja ya mahakama, moja ya URA, moja ya kikundi chetu cha akina mama, ambamo mabinti wanne wanaolewa kabla ya mwaka huu kuisha. Wawili walikuwa wameshaanza kuandikisha orodha kwenu. Jana jioni nimekwenda kuzungumza na mama zao.

Boksi liko kwangu, halijatumika, sufuria sita. Njooni mlichukue mkija na pesa.

Mimi mteja wenu,
Shangazi wa bi harusi, Bombo