Sandwichi zinaloa kabla hazijafika mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye migahawa ya Mbeya na Iringa. Siku hizi marafiki hukaa watano, sita meza moja, wakaagiza sandwichi za mayai, za kuku na za parachichi ili wagawane. Mara nyingi kinachofika ni slesi zilizolowa, zinakatikia mkononi. Inauma, maana vitu vyenyewe tunavyo: nyanya za Ilula, parachichi za Rungwe na Njombe.

Adui ni maji, na mengi hutoka kwenye nyanya. Ikishatiwa chumvi huanza kuchuruzika ndani ya dakika chache, na mkate huyanywa yote. Kata vipande vya nusu sentimita, toa mbegu, vilaze juu ya kitambaa safi dakika 10. Chumvi utie unapofunika, si kabla. Slesi zote mbili zipakwe siagi mpaka kwenye kingo, kwa sababu mafuta ndiyo yanayozuia maji kupenya. Wengi hupaka katikati tu, pembeni pakabaki pakavu, na hapo ndipo panapoanza kuloa. Juni na Julai siagi ya huku huwa ngumu kama sabuni na huchana mkate, kwa hiyo isogezwe karibu na jiko nusu saa kabla.

Yai nalo lina hesabu yake. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Anayefuata dakika za mpishi wa pwani atakuta kiini bado kina ute. Hesabu dakika 12 tangu maji yatokote, kisha tia yai kwenye maji ya baridi. Lisipondwe likiwa na moto, mayonezi hukatika na mafuta hujitenga. Mayai 4 kwa vijiko 3 vya chakula vya mayonezi yanatosha sandwichi 3.

Parachichi lipondwe agizo likishaingia, pamoja na maji ya ndimu. Likipondwa asubuhi, hewa hulifanya kahawia na wateja hudhani limeoza.

Slesi zilizochomwa zisilazwe kwenye sahani zikiwa za moto: mvuke hukosa pa kutokea, hugeuka maji, na upande wa chini unarudi kuwa laini. Zisimamishe zikiegemeana dakika moja ndipo upake. Kuifunga sandwichi ya moto kwenye nailoni ni kosa lilelile, tena baya zaidi.

Meza ya watu 6 ina tatizo lake: chipsi. Mhudumu husubiri kila kitu kiive apeleke kwa pamoja, viazi vinachukua dakika 15 na sandwichi zinakaa kaunta zikiloa. Viazi viingie kwenye mafuta kwanza. Mkate uguswe vikikaribia kuiva. Kila sandwichi ikatwe pembe 4 kwa kisu cha meno, kivutwe bila kukandamiza. Sandwichi 6 zitatoa vipande 24, na kila mmoja ataonja aina zote. Kachumbari ije kwenye kibakuli chake, kila mtu ajitilie.

Msomaji,
Soweto, Mbeya