Barua ya wazi kwa wazazi wa watoto viziwi: msisubiri sauti

Wanangu,

Wengi wenu mmeonywa kwamba mtoto asiyesikia akizoea lugha ya alama hatajihangaisha tena kujifunza kusema. Basi mnaambiwa asubiri. Asubiri kifaa cha masikio, asubiri mazoezi ya midomo, asubiri akue. Nimeona miaka ya watoto ikipotea katika kusubiri huko, na inaniuma.

Ushauri huo umekosea tangu mzizi wake: unadhani lugha hutoka kooni. Hata baadhi ya waliotafuta asili ya lugha walidhani hivyo, wakashikilia kwamba nyani hawasemi kwa sababu zoloto lao, yaani kisanduku cha sauti kilichomo kooni, limekaa juu mno. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kumpiga picha za eksirei kima akila na akitoa sauti, wakakuta koo lake lingeweza kutoa sauti za kutosha kwa lugha. Alichokosa ni ubongo wa kuliendesha. Na ubongo wa binadamu haubagui njia. Kiziwi anayetumia alama akiumia upande wa kushoto wa ubongo, alama zake huweza kuvurugika kama yanavyovurugika maneno ya msemaji, hata pale mkono unapoweza bado kufanya kazi nyingine. Watoto wachanga viziwi wanaolelewa kwa alama hubwabwaja kwa vidole, kama wachanga wanaosikia wanavyobwabwaja kwa sauti kabla ya kujua maneno.

Kinachonishawishi zaidi ni Nicaragua, nchi ya Amerika ya Kati, na ningependa kila mzazi akijue kisa hiki. Zamani viziwi wengi wa nchi ile waliishi kila mmoja peke yake, na ishara chache za nyumbani kwao. Mwaka 1977 shule ya elimu maalumu ikafunguliwa Managua, mji mkuu. Walimu walifundisha Kihispania cha kusema na kusoma midomo, na darasani hawakufika mbali. Lakini uwanjani na ndani ya basi watoto waliunganisha ishara zao, na wadogo waliokuja nyuma yao wakazipokea na kuzitia sarufi. Wa kundi la kwanza, akieleza kitu kilichobingirika mteremkoni, aghalabu alizungusha mkono huku akiushusha, yote kwa mpigo mmoja. Wadogo walitenganisha: alama ya kubingirika, kisha alama ya kushuka. Hakuna mtu mzima aliyewafunza hilo! Walilikata tukio vipande na kuvipanga, kama sisi sote tunavyofanya kila tunapotunga sentensi.

Walichohitaji ni wenzao, na umri mdogo. Umri nausisitiza. Nchini Marekani, viziwi walioanza lugha ya alama baada ya miaka 12, hata wakiisha kuitumia kwa miaka 30, hawakuimudu sarufi yake kama waliokulia nayo tangu utotoni.

Kama mmechagua kifaa, sina ugomvi nacho. Kitumieni, lakini kisiwe sababu ya kumwacha mtoto bila lugha wakati mnangoja kuona kama kitafaa. Anzeni na mikono mizito mliyo nayo. Kukosea kwenu hakutamdhuru, na yeye atawapita upesi. Ndugu zake wajifunze pia, asije akakaa nyumbani kwake kama mgeni. Tena mtafuteni kiziwi mtu mzima anayeijua lugha hiyo vizuri, mwombeni awe anakuja nyumbani, na mtoto wenu apate watoto viziwi wa kucheza nao mara kwa mara, kuanzia wiki hii.

Mzee wenu