Barua ya malalamiko: dakika sita mlizoziita arobaini na tano

Katubuka,
Kigoma.
17 Machi 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MIADI YA MTANDAONI YA KUMPIMA MWANANGU ADHD (SHIDA YA KUKOSA UMAKINI NA KUTOTULIA)

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Meneja, naandika kwa adabu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Taratibu zenu mnazijua, zimo kwenye programu yenu, sina haja ya kuwasomea. Naanza na Alhamisi.

Alhamisi tarehe 13 miadi ilikuwa saa nne asubuhi. Kwangu mtandao unakatakata, kwa hiyo nilimwomba shemeji yangu mwenye steshenari pale Mwanga atupe kona nyuma ya mashine ya kutoa kopi. Mwanangu ana miaka minane. Nilimwombea ruhusa shuleni. Alikuja na daftari lake la kuchorea. Daktari wenu aliingia saa nne na dakika ishirini na mbili, kamera yake kaizima, namsikia anatafuna. (Nilikuwa nimefunga. Simlaumu kwa kula, kila mtu na imani yake, lakini mtu akitafuna kwenye spika ya simu ni kama anakutafunia sikioni.) Akauliza jina, umri, darasa. Akauliza mtoto anafanya nini hapo. Nikamwambia anachora meli, ndicho kinachomtuliza. Akasema: "Mama, mtoto anayeweza kukaa akachora hana shida ya umakini. Huyu ni mtundu tu. Mpunguzie sukari, mtie adabu." Akakata. Simu yangu ilionyesha dakika sita na sekunde kumi na moja.

Sasa naomba mnieleweshe. ADHD haina kipimo cha damu, haina picha ya eksirei. Kipimo chake ni mazungumzo na mzazi, kumwangalia mtoto, na fomu za nyumbani na shuleni. Fomu yenu yenyewe inataka dalili sita kati ya tisa, ziwe zimedumu miezi sita, na zionekane sehemu zaidi ya moja. Daktari asiposoma fomu ya mwalimu, hiyo sehemu ya pili ameiona wapi? Amepima nini?

Na fomu ilikuwepo. Mwalimu wake ana watoto 94 darasani, na bado aliijaza yote, akaweka alama ya "mara nyingi sana" kwenye dalili saba za kukosa umakini. Chini akaongeza kwa mkono wake: "Huinuka kuchonga penseli mara kumi kwa kipindi kimoja, penseli huisha kabla ya somo." Mtu anayemjua mtoto ndiye anayeandika hivyo. Niliipiga picha, nikaipakia, programu yenu ikaweka alama ya kijani. Cheti cha kupimwa masikio na macho nacho nilikipakia, kwa sababu mlisema lazima, na nilipanga foleni hospitali kutwa nzima kukipata.

Halafu Jumamosi ripoti inakuja: "Mzazi hakuwasilisha fomu ya mwalimu. Muda wa mashauriano: dakika 45." Niliisoma mara tatu nikidhani ni ya mtoto wa mtu mwingine.

Nimesahau Februari. Tarehe 11 tulisubiri saa nzima, ikaja meseji kwamba daktari amepata dharura na pesa yangu itahamia miadi ijayo. Nikasema dharura ni za watu wote. Tarehe 24 kiungo hakikufunguka. Kijana wenu wa huduma kwa wateja akaniambia tatizo ni mtandao wa Kigoma, nilipe upya. Mtandao wa Kigoma! Muda huo huo nilikuwa naongea naye kwa simu ya video, namwona hadi kikombe chake mezani. Nikalipa upya, 75,000 juu ya 75,000. Mimi nauza vitenge, ndugu Meneja, hizo hela najua zimetoka kwenye doti ngapi. Nililipa kwa sababu kumfuata daktari bingwa Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na tangazo lenu linasema tusisafiri, bingwa yuko mkononi.

Narudi Alhamisi, maana kuna jambo sikulisema pale juu.

Steshenari ilikuwa na watu. Watano hivi, wanatoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Mmoja ni mama ambaye mwanawe anasoma darasa moja na wangu. Daktari alipoanza kuongea sauti ilikuwa inakatika, nikaongeza spika. Kwa hiyo "huyu ni mtundu tu, mtie adabu" waliisikia wote, na mashine ya kopi ilikuwa imesimama, pako kimya. Yule mama akaangalia pembeni. Mwanangu alikuwa ameinua daftari mbele ya kamera. Tangu tukae alikuwa anasubiri amwonyeshe daktari meli yake, Liemba ya Ziwa Tanganyika, bomba la moshi na madirisha yote, pembeni kaandika 1913 iliundwa Ujerumani, 1916 ilizamishwa, 1924 iliibuliwa. Hizo tarehe anazo kichwani. Jedwali la mbili halikai. Aliendelea kulishika daftari juu hata baada ya kioo kuwa cheusi, mpaka shemeji akamshusha mkono. Njiani akaniuliza: "Mama, daktari ameikataa meli?"

Hapo ndipo daktari wenu alipaswa kuuliza swali la tano, la sita, la ishirini. Mtoto mwenye ADHD anaweza kuzama kwenye anachokipenda saa nzima na bado ashindwe kunakili sentensi mbili za ubaoni. Mimi si daktari. Nimelisoma kwenye kijarida chenu mlichonitumia siku ya kujisajili. Na sukari si chanzo cha ADHD, nalo limo humo humo, ukurasa wa pili. Daktari wenu hasomi hata maandishi ya nyumbani kwake.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kudai 75,000 ya Alhamisi tu. Sasa nadai 150,000 yote. Nadai pia mtoto apimwe upya na bingwa mwingine, bila malipo, kamera yake ikiwa wazi, na fomu ya mwalimu akiwa ameisoma kabla ya kutusalimia. Ripoti ya Jumamosi ifutwe. Msinijibu kwamba haiwezekani kuibadilisha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanipa haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe, na hizi ni za afya ya mtoto. Kesho shule ikiiona hiyo karatasi, mwanangu atachapwa kwa maelekezo ya daktari.

Na huyo daktari amwombe mtoto radhi. Mtoto, si mimi.

Nawapa siku 14. Hapana, mlinisubirisha mwezi mzima, saba zinatosha. Zikipita, ripoti yenu na picha ya simu yenye dakika sita zitakuwa mezani kwa Baraza la Madaktari Tanganyika na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, siku moja. Msinitumie tena ile meseji ya "tunathamini maoni yako". Nipigieni, na atakayepiga awe ameshafungua jalada.

Wenu,

Mama mzazi wa mtoto mliyemwandika kwenye ripoti "mteja mdogo"

Viambatanisho: risiti mbili, fomu ya mwalimu, kwa mara ya pili, picha ya simu, kopi ya mchoro wa meli.

Nakala: Mwalimu wa darasa.