Kingston ipi, Mhariri?

Mhariri,

Naomba gazeti lenu, likipokea tangazo la masomo ya ng'ambo, lisikubali jina la mji lililoachwa peke yake. Nina saiba hapa Malindi, na usumbufu wa majina hayo hutuangukia sisi tunaojazia watu fomu.

Juzi alikuja mzee mmoja wa Muyeye na bintiye, wameshika kipande cha gazeti kilichokunjwa hadi wino ukafifia mikunjoni. Wakala ametangaza nafasi za uuguzi "Kingston". Basi. Nikamwuliza binti, "Kingston ipi, mwanangu?" Babake akawahi: "Kwani ziko ngapi, bwana? Si kule kwa kina Bob Marley?" Binti alidhani ni London.

Hakuna aliyesema upuuzi. Jamaika wana Kingston, mji mkuu wao, ulioanzishwa 1692 baada ya tetemeko kubomoa Port Royal, na Chuo Kikuu cha West Indies kina kampasi huko, Mona. London kuna Chuo Kikuu cha Kingston, pale Kingston upon Thames. Kanada nao wana Kingston jimboni Ontario, penye Chuo Kikuu cha Queen's. Ada ni mbalimbali, visa mbalimbali, na baridi ya Ontario usiifananishe na chochote. Mzee alikuwa ameshaanza kuulizia nauli ya Jamaika! Tulipokodolea macho maandishi madogo chini ya tangazo tukaona anwani inayoishia na ".ca". Kumbe Kanada.

Hapo sijagusa ile ya jimbo la New York, iliyochomwa na Waingereza 1777. Uingereza kwenyewe jina hilo limetapakaa vijijini, kwa kuwa zamani lilipewa mashamba ya mfalme. Ila wenyewe wamelitia mikia: Kingston upon Hull, Kingston on Soar, Kingston Lisle, Kingston Bagpuize (hilo la mwisho tamkeni nyinyi). Watu nao wanalo, kama mwandishi wa Marekani Maxine Hong Kingston. Na kabatini mwangu liko pia: mteja akisema "nipe Kingston ya GB 32", namtolea flashi ya kampuni ya California iliyoanzishwa 1987, na hatuulizani zaidi.

Huku kwetu mkia tunaujua. Malindi ina Kisumu Ndogo, na sijasikia mtu aliyepanda basi kwenda ziwani kuitafuta. Lakini Shela tunayo sisi na Lamu wanayo. Gazeti moja lilipoandika habari za viwanja vya Shela, watu wa hapa walikuja saiba kunitaka niwatolee nakala za hati zao, roho juu, kumbe viwanja vyenyewe ni vya Lamu. Unguja nao wana mtaa wa Malindi, karibu na bandari ya Mji Mkongwe, ambao kwenye habari za mpira hutuchanganya kila mara.

Kwa hiyo mwambieni mwenye tangazo ataje chuo, mji, jimbo na nchi. Akikataa, mrudishieni pesa zake. Na hayo maandishi ya chini yakuzwe. Si kila msomaji wenu ana macho ya miaka ishirini.

Mwenye saiba,
Malindi, Kaunti ya Kilifi, Kenya